Maswali ya Wasomaji: Tumfundisheje Mwanafunzi wa Uchumi Kupima Hoja?

Barua za toleo hili zimetoka kwa walimu wa uchumi, wa sekondari na wa chuo, na ingawa kila mmoja ana kero yake, wote wanalalamikia mwanafunzi yuleyule: anayeijua fasili kwa moyo na kushindwa kuitumia. Tumezifupisha barua hizo na kuyaacha majina ya waandishi kama walivyoomba.

Swali: *Nafundisha uchumi Kidato cha Tano na cha Sita, tahasusi ya HGE (Historia, Jiografia na Uchumi). Wanafunzi wangu hutaja kanuni ya mahitaji na ugavi neno kwa neno, lakini nikiwauliza kwa nini sukari huadimika serikali inapotangaza bei elekezi, darasa zima hunyamaza au hunirudishia fasili ileile. Nianzie wapi?* (Mwalimu, Singida)

Jibu: Mwalimu mwenzangu, anza kwa kuupindua mpangilio wa kipindi. Wengi wetu hutoa fasili, huchora mchoro, hutoa mfano, kisha huuliza kama kuna mwenye swali. Kwa mpangilio huo mwanafunzi anapofika kwenye mfano jibu ameshapewa, na kazi pekee aliyobakiwa nayo ni kukubali kwamba mwalimu alisema kweli. Mpe tukio kwanza, mtake aandike kwenye daftari anadhani litaishia wapi na kwa sababu gani, ndipo fasili ije kumsaidia kuona alipopatia na alipoteleza. Mwanafunzi aliyejifunga kwa maandishi ana jambo la kutetea, na mwenye jambo la kutetea husikiliza tofauti kabisa na yule anayenakili ubaoni. Majibu yangu mengine yote hapa chini yanategemea jambo hili moja.

Sukari uliyoitaja inafaa sana kwa sababu haina chanzo kimoja. Februari 2016 Rais John Magufuli alizuia uagizaji wa sukari kutoka nje bila kibali, kwa nia ya kuvilinda viwanda vya ndani. Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi ya shilingi 1,800 kwa kilo. Na ilipofika Mei sukari ilikuwa imeadimika na kuuzwa kwa bei iliyopita hiyo, huku serikali ikiwatuhumu baadhi ya wafanyabiashara kwa kuificha. Hapo darasa lina maelezo yasiyopungua manne. Yawezekana zuio la uagizaji lilipunguza ugavi. Yawezekana bei elekezi iliwakatisha tamaa wauzaji. Yawezekana mali ilifichwa ili kusubiri bei ipande. Na yawezekana pia ni msimu tu, kwa kuwa viwanda vyetu kwa kawaida husimama wakati wa masika, miwa isipoweza kuvunwa wala kusombwa kutoka kwenye mashamba yaliyojaa maji.

Usiwaulize lipi ni sahihi. Waulize: kama maelezo ya pili ndiyo ya kweli, tungeona nini dukani ambacho tusingekiona kama ya kwanza ndiyo ya kweli? Baada ya kuhangaika kidogo, atatokea mmoja wa kusema kwamba ugavi ukipungua na bei ikiachwa huru, sukari hupanda bei lakini haipotei, maana mwenye uwezo bado ataipata. Ila bei ikifungwa na kusimamiwa kwa nguvu, mtu anaweza kusimama mbele ya shelfu tupu akiwa na pesa mkononi. Huyo ameshaanza kufikiri kama mchumi, hata kama hajui hali hiyo inaitwaje kitabuni.

Kipindi kinachofuata, wachezeshe soko. Unahitaji kadi 12 za karatasi na chaki. Wauzaji sita wape kadi zenye gharama ya shilingi 400, 600, 800, 1,000, 1,200 na 1,400. Wanunuzi sita wape kadi zenye kiasi cha juu ambacho kila mmoja yuko tayari kulipa, yaani 1,500, 1,300, 1,100, 900, 700 na 500. Kila mtu aifiche kadi yake, awe na kilo moja tu ya kuuza au kununua, muuzaji asiuze chini ya gharama yake na mnunuzi asipite kiwango chake. Wote wataje bei zao kwa sauti, na kila biashara inapofungwa bei iandikwe ubaoni. Duru ya kwanza bei huruka ovyo. Mkirudia duru kadhaa, kwa kawaida huanza kujikusanya kati ya 900 na 1,000, na kilo zinazouzwa huwa tatu, ingawa hakuna aliyewaambia wafanye hivyo na hakuna anayejua kadi ya mwenzake.

Sasa tangaza kwamba bei isizidi 700, lakini kabla ya kucheza kila mmoja aandike kilo ngapi zitauzwa na nani atazipata. Tarajia wengi waandike kwamba wanunuzi maskini watanufaika. Kisha cheza. Wauzaji wanaoweza kuuza kwa bei hiyo ni wawili tu, wa 400 na wa 600, ilhali wanunuzi wanaoitaka sukari ni wanne au watano. Mwenye kadi ya 500, ambaye darasa lilidhani ndiye atakayefaidi, bado haigusi sukari. Mwenye kadi ya 900, aliyekuwa akikosa soko likiwa huru, anaweza kuipata, na wa 1,500 anaweza kuikosa kwa sababu tu ameketi mbali na muuzaji. Hapo uliza swali lenye uzito: bei ilipoacha kuamua nani apate, nani au nini kilichukua nafasi yake? Watakutajia urafiki, ukaribu na kelele, na kuna uwezekano mkubwa kwamba mmoja atakuwa ameshanong'onezwa pembeni kulipa zaidi ya 700. Magendo yatakuwa yamezaliwa ndani ya darasa lako bila wewe kuyafundisha.

Mchezo huu una historia inayofaa kusimuliwa, kwani nayo inafundisha kupima hoja. Edward Chamberlin wa Chuo Kikuu cha Harvard aliuandikia makala mwaka 1948 akionyesha kwamba bei za darasani hazikufika pale nadharia iliposema zingefika. Vernon Smith, aliyewahi kushiriki katika mchezo huo akiwa mwanafunzi wake, aliujaribu upya Chuo Kikuu cha Purdue kuanzia 1956, ila alibadilisha kanuni: bei zitajwe hadharani, na soko lirudiwe duru baada ya duru. Matokeo yakageuka, bei zikaifuata nadharia, na mwaka 2002 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Yule wa kwanza hakusema uongo. Kanuni za soko zilikuwa tofauti, na mwanafunzi anayelielewa hilo hatasema tena "soko hufanya hivi" bila kuuliza ni soko la namna gani.

Mwisho kabisa, wape nafasi ya kuushambulia mchezo wenyewe. Muuzaji wa darasani hawezi kuweka kilo yake ghalani akisubiri mwezi ujao, na wa kweli anaweza. Je, ukiwaruhusu kuihifadhi kadi hadi duru inayofuata, nini kitabadilika? Wakishataja walichotarajia kwa maandishi, mmekwisha kuyarudia maelezo ya tatu ya sukari ya 2016.

Swali: *Darasa langu lina wanafunzi 90. Nikianzisha mjadala, wanaongea walewale watano, na wengine wanapiga soga. Mbinu hizi za kisasa si za shule zenye wanafunzi 25?* (Mwalimu, Mwanza)

Jibu: Mjadala wa darasa zima ndio unaoshindikana kwa wanafunzi 90, na mara nyingi hata kwa 25 hauendi mbali. Kinachowezekana ni swali moja lenye majibu manne, kila mtu akaandika herufi yake kimya, wakanyoosha mikono kwa zamu ya herufi, kisha kila mmoja akamshawishi jirani aliyechagua tofauti, ndipo wakapiga kura tena. Eric Mazur alianza kufundisha fizikia kwa njia hii pale Harvard mwaka 1991, akiwa na ukumbi uliojaa wanafunzi. Wakati wa kushawishiana waache watumie Kiswahili au lugha yoyote inayowatoka kwa urahisi. Kiingereza cha mtihani kitasubiri dakika tano.

Uzito wote uko kwenye kuchagua swali. Jaribu hili. Umepewa tiketi ya bure ya mechi ya mpira, na huwezi kuiuza. Usiku huohuo kuna tamasha la taarabu, ambalo ndilo ungelihudhuria kama si mechi. Kiingilio cha taarabu ni shilingi 4,000, na siku yoyote ile ungekuwa tayari kulipa hadi 5,000 kuliona. Gharama fursa ya kwenda mpirani, yaani thamani ya kile bora unachokiacha ili uende huko, ni shilingi ngapi: sifuri, 1,000, 4,000 au 5,000?

Paul Ferraro na Laura Taylor waliwauliza swali la muundo huu wachumi wapatao 200 kwenye mkutano wao wa mwaka huko Marekani, mwaka 2005. Waliochagua jibu la vitabuni, ambalo kwa mfano wetu ni 1,000, yaani manufaa ya 5,000 uliyoyaacha ukiondoa 4,000 ambazo hukuzitumia, walikuwa asilimia 21.6. Kwa majibu manne, wanaobahatisha tu wangetarajiwa kupatia kwa asilimia 25. Waambie wanafunzi jambo hilo baada ya kura ya pili, si kabla. Halafu waambie na la pili: baadaye kuna wachumi waliopinga hitimisho hilo, wakisema fasili yenyewe ya gharama fursa ina utata na kwamba zaidi ya jibu moja linaweza kutetewa. Aliyechagua 5,000 apewe nafasi ya kujitetea. Mimi bado nasimama na 1,000, ila mwanafunzi akinieleza vizuri kwa nini anahesabu manufaa yote aliyoyaacha bila kuondoa kiingilio, nampa alama.

Swali: *Haya yote ni mazuri, lakini mtihani wa taifa unataka "eleza faida tano" na "fafanua changamoto sita". Nikimfundisha mwanafunzi kuuliza maswali, nani atamfundisha kujibu?* (Mwalimu, Kilimanjaro)

Jibu: Hofu yako ina msingi. Usiache kuwapa hoja tano. Wapatie sita, uwaagize wazipange kuanzia yenye nguvu hadi dhaifu kwa nchi au bidhaa mnayoijadili, kisha waitupe moja na kuandika sentensi mbili za kuitupa kwake. Anayeweza kueleza kwa nini "kuongezeka kwa ajira" ni hoja dhaifu kwa kiwanda kinachoendeshwa karibu chote kwa mitambo hatazisahau zile tano zilizobaki, na mtihani hautampunguzia chochote. Katika mazoezi yako mwenyewe ya darasani unaweza pia kugawa alama kwa namna nyingine: hoja moja, sababu yake, na hali ambayo ndani yake hoja hiyo isingekuwa kweli.

Swali: *Mimi ni mhadhiri nchini Kenya. Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili hawana shida ya kupata takwimu, wanazo tele. Shida ni kwamba kila takwimu wanaipokea kama ilivyo, na kila kilichotokea baada ya sera fulani wanakihesabu kuwa kimeletwa na sera hiyo.* (Mhadhiri, Eldoret)

Jibu: Hayo ni magonjwa mawili, na historia ya karibuni ya Kenya ina dawa ya yote mawili.

Kwa la kwanza, warudishe Septemba 2014, pale Kenya ilipotangaza hesabu mpya za pato la taifa baada ya kuhamisha mwaka wa msingi, yaani mwaka unaotumiwa kama kipimo cha hesabu hizo, kutoka 2001 hadi 2009. Pato la mwaka 2013 lilikua kwa takriban asilimia 25 kwenye karatasi, na nchi ikahesabiwa miongoni mwa zile za kipato cha kati. Wape wanafunzi kazi ya kuandika nini kilibadilika kwa mama mboga wa soko la Eldoret kati ya jioni ya kabla ya tangazo na asubuhi iliyofuata. Wengine watajibu "hakuna" na kukunja mikono. Wasukume mbele: kama hakuna kilichobadilika kwake, uwiano wa deni la taifa na pato je? Kiwango cha kodi ikilinganishwa na pato je? Uwiano wa deni ulishuka bila shilingi moja kulipwa, na mwanafunzi anapaswa kueleza kama mkopeshaji ana haki ya kufurahi. Kabla ya kukokotoa chochote, ajizoeze kuuliza takwimu imehesabiwa vipi na sehemu ipi ya uchumi ilikuwa haionekani awali.

Kwa la pili, tumia ukomo wa riba. Sheria ya Benki ilirekebishwa mwaka 2016, na kuanzia Septemba mwaka huo riba ya mikopo haikuruhusiwa kupita pointi nne za asilimia juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu. Ukomo huo ukafutwa Novemba 2019. Hadithi iliyozoeleka ni kwamba benki ziliwakimbia wakopaji wadogo na kununua hati za serikali, yaani kuikopesha serikali, na ushahidi wa jambo hilo upo. Lakini mikopo kwa sekta binafsi ilikuwa imeanza kupunguza kasi hata kabla ya Septemba 2016. Imperial Bank iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa benki iliyoshindwa kujiendesha, Oktoba 2015, na Chase Bank ikafuata Aprili 2016. Benki zilikuwa na hofu, na wenye amana pia.

Wagawe wanafunzi makundi mawili, lakini usiwagawe kwa "wanaounga mkono" na "wanaopinga", kwa sababu mjadala wa namna hiyo humzoesha mtu kushinda tu. Kundi moja liandike nchi ingekuwaje mwaka 2018 kama sheria ile isingepitishwa. Kundi la pili litafute wakopaji ambao sheria haikupaswa kuwagusa, au iliwagusa kidogo, ili wawe kipimo cha kulinganishia: je, kampuni kubwa zilizokuwa zikikopa kwa riba ya chini ya ukomo tayari nazo zilibanwa? Kama mikopo yao ilipungua kiasi kilekile, sheria peke yake haiwezi kubebeshwa lawama yote. Wakishalielewa hilo, sehemu ngumu ya somo la ekonometria, yaani kupima hoja za uchumi kwa takwimu, wameipita kabla ya kuona mlinganyo wowote.

Swali: *Mkuu wangu wa idara anaona kujadili sera za serikali darasani ni kutafuta matatizo. Nifanyeje?* (Mwalimu, Dar es Salaam)

Jibu: Chagua sera iliyokwisha kubadilishwa na serikali yenyewe. Tozo za miamala ya simu zilianza Julai 2021, zikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, na mwaka uliofuata zikapunguzwa tena. Hapo hakuna anayepinga wala kutetea. Wanafunzi wanatafuta ni taarifa gani iliyofanya kiwango cha kwanza kisidumu, na wanachora wenyewe jinsi watumiaji walivyoweza kurudia kubeba fedha taslimu.

Swali: *Shule yetu iko kijijini Newala. Hatuna maktaba, intaneti ni ya kubahatisha, na vitabu vyenye mifano ya Marekani vinawachosha wanafunzi. Tutapata wapi ushahidi wa kuuchambua?* (Mwalimu, Mtwara)

Jibu: Mwalimu, uko katikati ya mojawapo ya maswali bora ya uchumi katika nchi hii. Tanzania ilizalisha takriban tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/74. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 uzalishaji ulishuka hadi chini ya tani 20,000. Walioyaona hayo wamo katika vijiji vyenu, wengine wakiwa bado na mikorosho ileile.

Watume wanafunzi wawili wawili kwa wazee, wakiwa na swali moja la wazi: kwa nini korosho zilipungua? Wasiwapendekezee majibu. Watakaporudi, mtakuwa na maelezo yanayogongana. Kuna atakayesema ni operesheni ya vijiji ya katikati ya miaka ya 1970, iliyowahamisha watu mbali na mashamba yao. Kuna atakayesema ni bei, kwamba sehemu aliyoachiwa mkulima ilikuwa ndogo kiasi kwamba mihogo ilikuwa na faida zaidi. Kuna atakayesema ni ubwiriunga, ule ugonjwa unaofunika maua kwa ungaunga mweupe. Mwanafunzi wa kawaida ataandika zote tatu na kuziita "sababu za kushuka kwa uzalishaji". Usimruhusu aishie hapo. Kama ni kuhamishwa, mikorosho iliyokuwa karibu na kijiji kipya ingeendelea kuzaa ilhali ile ya mbali ingeingia pori. Kama ni ugonjwa, hata ile ya mlangoni ingepungua. Kama ni bei, watu wangeacha kupalilia na kuokota hata miti yenye afya. Warudi kwa wazee walewale na maswali hayo mapya, na waandike pia kila mzee alikuwa nani wakati huo: mkulima, karani wa chama cha ushirika au kiongozi wa kijiji, kwa sababu kila mmoja aliiona korosho kutoka mahali pake.

Hatua ya mwisho ni ngumu zaidi, na kwa Kidato cha Sita inafaa. Miaka ya 1990 uzalishaji ulianza kupanda tena, katika kipindi ambacho matumizi ya salfa dhidi ya ubwiriunga yalienea na pia biashara ya korosho ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Waandike, kabla hujawaambia unachofikiri wewe, ni mashamba ya nani wangeyatazama ili kuyatenganisha, na mzee yupi anaweza kuwaonyesha shamba ambalo halikuwahi kupulizwa salfa.